Siku ya kupumzika Lamu: nyumba ya wageni ya Mkomani na mji wake

Haya ni kwa wenzangu wanaosafiri na begi mgongoni na pesa za kuhesabu. Mimi ni wa Moshi. Nilivukia mpaka wa Horohoro, nikapita Mombasa na Malindi, na mpaka basi linamaliza Garsen na Witu na kufika jeti ya Mokowe, unakopandia boti ya kuvukia kisiwani, mgongo ulikuwa umeshakata tamaa. Lamu sikwenda kukimbizana na vivutio. Nilitaka kulala, kula vizuri na kuzurura. Kwa kazi hiyo, nyumba niliyofikia mtaa wa Mkomani naipa nyota nne kati ya tano.

Chumba kwanza. Nyumba ni ya kale, ya mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake ni nene hata saa saba mchana ndani kuna ubaridi na feni imezimwa. Kuna wageni wanaolalamika kuwa vyumba vya Lamu ni vyembamba. Wakilala chali wataona sababu: dari limebebwa na boriti za mikoko, na mkoko hautoi boriti ndefu. Fundi alikata upana kwa kipimo cha boriti, halafu urefu akajipa atakavyo. Ukutani mna zidaka za kupangia vyombo vya kaure. Mimi nilipanga sabuni na chaja, waungwana wa zamani wanisamehe.

Kifungua kinywa huliwa juu, chini ya paa la makuti: mahamri, mbaazi za nazi na chai ya maziwa yenye iliki. Nilipoanza kuuliza ratiba ya makumbusho, mama mwenye nyumba alinisogezea sahani. "Kula kwanza, mwanangu. Mji haukimbii."

Kweli haukimbii. Ndani ya mji wa kale magari hayaingii. Mizigo ni ya punda na mikokoteni, na vichochoro vingine ni vya kupishana kwa kuombana radhi. Bodaboda zipo, lakini ni za pembezoni. Kupotea nilipotea na sikujali. Kwetu Moshi ukipotea unatafuta mlima uko wapi. Lamu unaufuata mtaro wa maji machafu unakoteremkia, unatokea baharini. Si mwongozo unaonukia, ila haudanganyi.

Ngome iko katikati ya mji, nyuma ya uwanja wenye kivuli ambako wazee hukaa kutwa nzima. Ilianza kujengwa baada ya vita vya Shela, ikamalizika 1821, na baadaye ikawa jela hadi 1984. Panda juu ukautazame mji, kisha shuka, hapahitaji zaidi ya hapo. Posta ya Wajerumani, iliyofanya kazi kati ya 1888 na 1891, ni ya kupitia tu. Ukiwa na hamu ya makumbusho moja, basi ni ile ya ufukoni, kwa sababu ya siwa, yaani baragumu la kifalme, ya pembe ya ndovu iliyotoka kisiwa cha Pate. Mbele yake nilisimama muda mrefu, nikijaribu kuwaza kifua cha mtu aliyeweza kuipuliza. Beba pasi au kitambulisho, kwani raia wa Afrika Mashariki hutozwa kiingilio cha chini kuliko wageni wa mbali.

Baada ya adhuhuri maduka mengi hufungwa, na mtu mwenye akili hurudi kulala. Usishindane nao.

Vijana wa mashua watakufuata na safari za kisiwa cha Manda na magofu ya Takwa. Safari zenyewe nzuri, lakini si za siku ya mapumziko. Mimi nilijibu, "Leo napumzika, kaka," wakacheka, wakanitakia siku njema. Alasiri nilitembea kwa miguu hadi Shela, kama kilomita tatu kwa kufuata ufuko. Uliza kwanza bahari inajaa saa ngapi, maana maji yakipanda njia inamezwa kipande. Shela ni pazuri, mchanga mweupe na nyumba za kifahari, ila bei za chakula ni za watu wengine kabisa. Nilikunywa maji ya ukwaju nikarudi kwa boti ya abiria.

Jioni ndiyo iliyolipia safari yote. Wanaume wamekaa barazani wakishona kofia za viua, muuza kahawa anapita na dele lake akigonganisha vikombe, na ukiitikia salamu vizuri unasogezewa nafasi. Mwanamke peke yangu, kanga mabegani, sikusumbuliwa na mtu.

Nyota niliyoikata ni ya bafu: maji yana chumvi, sabuni haitoi povu, na usiku yalikatika huku nimejipaka. Intaneti nayo inapatikana juu tu, chumbani sahau. Adhana ya alfajiri na milio ya punda sivihesabu kuwa kasoro, ila kama usingizi wako ni mwepesi omba chumba cha nyuma.

Mabasi ya kurudi Mombasa huondoka Mokowe mapema sana. Kata tiketi siku iliyotangulia, lipa chumba usiku huohuo, na ulizia boti ya kwanza kabla hujalala.