Kitanda cha kujifungulia: kinamfaa mama aliyewahi kuumia kifandugu?

Tunazungumzia kile kitanda cha chuma chenye godoro jembamba la reksini, egemeo linaloinuka, sehemu ya miguu inayochomolewa, na vyuma vya kutundikia miguu. Ndicho mama wa Kisumu, Siaya au Kakamega anachotarajia kukikuta wodini. Kwa aliyewahi kuanguka na bodaboda au kuteleza matopeni akaumia kifandugu (kifupa cha mwisho kabisa chini ya uti wa mgongo), ubora wa kitanda hiki unategemea atalalaje. Hilo hupangwa kliniki mapema, si uchungu ukishakolea.

Mkao uliozoeleka, mama ameegemea nusu huku miguu imetundikwa, tunaupa alama za chini kabisa. Kichwa cha mtoto kikishuka, kifandugu hutakiwa kusogea nyuma kumpisha. Uzito wa mama ukikigandamiza godoroni, hakina pa kwenda. Kilichopona kikawa kigumu, au kikapinda kwa ndani, kinaweza kuvunjika tena au kuteguka, hasa mtoto akiwa mkubwa au akivutwa kwa koleo.

Ubavuni, kitanda hichohicho ni kizuri sana. Shusha egemeo, sehemu ya miguu ibaki mahali pake, mama alalie ubavu wa kushoto, na anayemsindikiza ashike goti la juu bila kulivuta kwa nguvu. Kifandugu hakiguswi na chochote, na mkunga anauona msamba na kuukinga.

Kupiga magoti pia kunafaa: inua egemeo karibu wima, mama aligeukie na kulikumbatia. Ila kitanda ni chembamba na reksini ikilowa huteleza. Tandika leso kavu juu ya makintoshi (shuka ya mpira), ufunge breki za magurudumu. Breki zikiwa mbovu, rudini ubavuni.

Ombi hili si usumbufu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2018 unataka mama ahimizwe kuchagua mkao wake. Mwambie anayekupima: "Sista, niliwahi kuvunjika kifandugu, naomba nijifungue kwa ubavu," naye aliandike kwenye kitabu cha kliniki kabla ya wiki ya 36.

Kuna jambo husahaulika: kushonwa msamba ukichanika. Hapo miguu hutundikwa hata kwa aliyejifungua ubavuni. Kunja leso mbili, weka moja chini ya kila kalio, kifandugu kibaki kimening'inia katikati.

Upasuaji je? Jeraha la zamani lililopona, peke yake, si sababu ya kupasuliwa. Muone daktari wa uzazi ikiwa bado unaumia ukikaa au ukiinuka kitini, au kama uzazi uliopita ndio uliokiumiza. Anaweza kukipima kwa kidole kujua kama kinasogea; mara nyingi picha ya eksirei haihitajiki ukiwa mjamzito. Upasuaji hukiepusha kifandugu na msukumo, lakini unakuachia kidonda cha tumbo na kovu la kuzingatiwa mimba ijayo. Sindano ya ganzi isikutishe, huchomwa kiunoni, juu ya kifandugu.

Baada ya kujifungua, mto wa duara wenye tundu katikati si chaguo letu, kwa kuwa ukingo wake wa nyuma unaweza kugusa palepale panapouma. Afadhali fundi wa makochi pale soko la Kibuye, Kisumu, akukatie sponji ngumu ya unene wa sentimita 8, yenye mkato wazi upande wa nyuma, upana wa sentimita 10 hivi. Sponji laini hudidimia, ukajikuta umekalia ubao.