Uzoefu wangu na Toyota Mirai, gari la haidrojeni

Nimeliendesha Mirai la kizazi cha pili muda wa kutosha kulijua, na nalipenda. Ni gari la umeme, ila umeme huo linajitengenezea lenyewe likiwa njiani: haidrojeni inatoka kwenye matangi, oksijeni inavutwa kutoka hewani, na zinapokutana ndani ya seli za mafuta unapatikana umeme wa kuendesha mota. Kinachobaki ni joto na maji. Hakuna kinachoungua, ndiyo maana hakuna mngurumo wala moshi, na ukikanyaga linaitika papo hapo.

Watu huuliza zaidi kuhusu maji. Kila kilo ya haidrojeni hutoa takriban kilo 9 za maji, kwa sababu uzito mwingi wa maji ni oksijeni. Matangi yake matatu hubeba kilo 5.6, kwa hiyo mpaka yanaisha gari limeshatoa karibu lita 50, kama mvuke na matone. Kuna kitufe cha H2O. Ukikibonyeza kabla ya kuegesha, maji yaliyokusanyika yanamwagika nje badala ya kulowesha gereji. Hayana masizi wala harufu ya mafuta. Kuyanywa sishauri, mabomba yale hayakutengenezwa kwa kazi hiyo.

Lakini usafi huo ni wa seli za mafuta. Injini inayochoma haidrojeni nayo hutoa maji, ila joto lake kali huunganisha nitrojeni na oksijeni za hewani na kuzaa oksidi za nitrojeni, ambazo hudhuru mapafu. Kwa hiyo ukiambiwa chombo fulani kinatoa maji tu, uliza kwanza: inachomwa, au inapita kwenye seli?

Kujaza ni dakika kama tano, na hapo gari la betri halifui dafu. Gesi inaingia kwa mgandamizo wa baa 700, yaani kama mara 700 ya mgandamizo wa hewa ya kawaida, tena hupozwa sana kwanza ili tangi lisipate joto kupita kiasi. Baridi hiyo iliwahi kugandisha mdomo wa pampu ukang'ang'ania kwenye gari, nikalazimika kusubiri barafu iyeyuke. Hilo lilivumilika. Kinachochosha ni uchache wa vituo, maana pampu ikiharibika huna pa kukimbilia. Gari hili halichajiwi nyumbani.

Jambo linalonigusa zaidi halionekani ukiwa kwenye usukani. Sehemu kubwa ya haidrojeni duniani bado inatokana na gesi asilia na makaa ya mawe. Ile ya gesi asilia huacha kiwandani kilo 9 hivi za hewa ya ukaa, au zaidi, kwa kila kilo moja. Yaani matangi yangu yakijaa, zaidi ya kilo 50 zimeshapaa angani kabla sijawasha gari. Haidrojeni ya kupasua maji kwa umeme wa jua au upepo haina deni hilo, ila kilo moja hula zaidi ya kilowati-saa 50, na umeme huohuo ungelisukuma gari la betri umbali zaidi ya mara mbili.

Kwa hiyo gari nalipa alama za juu kabisa, mafuta yake bado. Kama kituo cha karibu nawe kinakuonyesha haidrojeni yake inatoka wapi, na ni ya umeme safi, lichukue. Kama hawawezi kukujibu, na nyumbani una pa kuchaji, nunua la betri.