Nimehesabu antibaotiki za wodi ya watoto kwa Global-PPS

Kwa miaka ripoti yangu ya antibaotiki ilitoka stoo: chupa ngapi zimetoka, mwezi gani, wodi ipi. Mimi ni mfamasia wa watoto, na nakiri hesabu ile ilikuwa ya kujidanganya. Kipimo cha kimataifa cha dozi ya siku kimewekwa kwa mtu mzima wa kilo 70. Chupa ya seftriaksoni, antibaotiki ya sindano, ya gramu 1 mtu mzima anaimaliza. Mtoto wa kilo 6 unamchotea kiasi chake, inayobaki inamwagwa, na kitabu cha stoo kinasoma chupa moja vilevile.

Global-PPS, mfumo wa kuchunguza matumizi ya antibaotiki hospitalini kwa siku moja, ulioanzishwa na Chuo Kikuu cha Antwerp kule Ubelgiji, unaanzia kitandani. Unachagua siku, na kila mtoto aliyelazwa wodini saa 2 asubuhi anahesabiwa. Anayetumia antibaotiki muda huo anajaziwa fomu: umri, uzito, dawa, dozi, mara ngapi, mshipani au mdomoni, ugonjwa gani. Jina haliingii, mfumo unampa namba. Ni bure, mwaka 2015 hospitali za nchi 53 zilishiriki.

Kuna maswali mawili yatakayokutoa jasho. Sababu ya dawa imeandikwa kwenye faili? Tarehe ya kusitisha au kuipitia upya ipo? Mimi na sista tulikwama kwenye faili la pili tu. Seftriaksoni, siku ya sita, sababu hakuna. "Hiyo aliandika daktari wa zamu ya usiku," sista akasema, "aulizwe yeye." Daktari mwenyewe alishahamia wodi nyingine. Mama wa mtoto ndiye aliyetueleza: alikuja na homa na kikohozi.

Kwa waliofanyiwa upasuaji, fomu inatenganisha antibaotiki ya kukinga maambukizi ya dozi moja, ya dozi kadhaa ndani ya siku moja, na inayozidi siku. Kipengele hiki kilinigombanisha na watu. "Kidonda kikioza, utakuja kulala naye wewe?" daktari mmoja wa upasuaji aliniuliza mbele ya wanafunzi. Sikumjibu. Nilijaza.

Ushauri: jaza kwanza kwenye karatasi. Siku yetu intaneti ya hospitali ilikata saa 4, nikaingiza kila kitu usiku nyumbani kwa bando langu. Na pima watoto uzito kabla, maana kwenye mafaili yetu uzito mwingine ulikuwa wa siku ya kulazwa, wiki mbili nyuma.

Ukishahakiki ulichoingiza kwenye mfumo, unapata ripoti inayokulinganisha na wengine. Yangu niliipanga pia kwa makundi ya antibaotiki ya Shirika la Afya Duniani: ampisilini na jentamaisini ziko kundi la kuanzia, yaani za kutumiwa kwanza, seftriaksoni kundi la tahadhari. Mwaka 2024 Umoja wa Mataifa ulikubaliana kundi la kuanzia lifikie asilimia 70 ya matumizi ifikapo 2030. Sisi bado tuna safari.

Nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa kuwa ni picha ya siku moja: haikuambii mtoto alipona au la, na siku ya msimu wa malaria si sawa na siku ya kiangazi. Rudia, usiishie mara moja.

Tulichokwisha badilisha ni muhuri kwenye karatasi ya dawa: "Sababu" na "Tarehe ya kupitia". Wino umeisha juzi, nimeagiza mwingine.