Chausiku, lukemia ya paka na tyubu ya buku na nusu: uzoefu wangu wa miezi kumi na minne

Asubuhi hiyo paka wangu Chausiku alikuja kudai dagaa zake jicho la kushoto likiwa limefumba. Haikuwa kufumba kwa usingizi. Kope zilikuwa zimegandana kwa tongotongo la kijani, na nilipolipangusa kwa pamba na maji ya uvuguvugu likafunguka nusu tu, machozi yakachuruzika, akakimbilia chini ya kabati kwenye giza. Mama mwenye nyumba akasema kapigwa kucha na lile dume la nyumba ya pili. Mimi nikasema ni vumbi. Wote wawili tulikuwa tunaangalia jicho, na ugonjwa ulikuwa kwenye damu.

Naandika haya kwa sababu nilipohangaika kumtafuta mtu aliyewahi kulea paka mwenye lukemia hapa Dar, anieleze kwa Kiswahili kipi kinafaa na kipi ni kutupa hela, sikumpata. Nitasema nilichonunua, nilichojutia, na huduma ya daktari wa kuja nyumbani, ambayo ndiyo hasa ninayotaka kuipa alama.

Nianze na ninachojutia. Nilikwenda duka la dawa, kama tufanyavyo wengi. Duka silitaji. Kijana wa pale akaniuliza, "Ni ya mtoto?" Nikasema ya paka. Akacheka, akanipa kichupa cha matone. "Dada, chukua hii, ina mbili ndani, ya kuua wadudu na ya kupunguza uvimbe." Siku mbili za mwanzo nilimwombea dua kijana yule. Wekundu ulipungua na jicho likafunguka. Siku ya nne Chausiku akasusa chakula, na katikati ya jicho pakatanda wingu jeupe kama maji ya mchele.

Daktari wa mifugo nilielekezwa na jirani anayefuga mbwa. Ni katika wale wanaozunguka majumbani na mkoba wao. Aliahidi saa nne asubuhi, akafika Magomeni saa kumi jioni na bajaji. Hilo nitalirudia. Kwanza hakumgusa paka. Alikaa kwenye stuli, akauliza nimempa nini mpaka sasa. Nikamletea kichupa. Akasoma maandishi madogo ya ubavuni na kunionyesha kwa ukucha: deksamethasoni. Akanieleza bila kunigombeza kwamba dawa za jamii hiyo huzima uvimbe vizuri sana, ila zikikuta kidonda kwenye kioo cha jicho, ule utando angavu wa mbele, huzuia kisifunge. Wekundu unaondoka, mwenye paka anafurahi, na kidonda kinaendelea kuchimba.

Kisha akatoa kijikaratasi chenye ncha ya rangi ya chungwa, akakilowesha kwa tone la maji ya dripu, akakigusisha pembeni mwa jicho. Nikazima taa. Akawasha tochi ya mwanga wa buluu, na pale penye wingu pakawaka kijani, kiduara kidogo kama punje ya uwele. "Hapo panapong'aa ndipo ngozi ya jicho ilipotoka," akasema. Nilikuwa nimemshika Chausiku kifuani, nikajisikia kama mtu aliyefumaniwa.

Nilidhani tumemaliza, nikaanza kutafuta pochi. Yeye akamfunua mdomo na kuubonyeza ufizi kwa kidole. Ufizi wa paka mzima huwa na rangi ya waridi, ukiubonyeza unageuka mweupe na rangi inarudi papo hapo. Wa Chausiku ulikuwa kama mshumaa hata kabla ya kubonyezwa. "Dada, huyu damu imepungua. Ningeomba tumpime." Kipimo elfu sitini, juu ya elfu arobaini ya kuja nyumbani. Nisema kweli, nilitaka kukataa. Elfu sitini kwa paka aliyeokotwa mtaroni! Nilikubali kwa aibu tu, maana sindano alikuwa ameshaitoa.

Kipimo chenyewe kinafanana na kile cha malaria cha zahanati: kisahani cha plastiki chenye vidirisha viwili, kimoja cha FIV, ambayo watu huiita ukimwi wa paka, na kimoja cha FeLV, yaani lukemia. Ni virusi viwili tofauti, ingawa watu huvichanganya. Tone la damu, matone machache ya maji yake, dakika kumi. Kwenye FIV ukabaki mstari mmoja. Kwenye lukemia mstari wa pili ulikuwa umeshajichora kabla chai haijachemka.

Jina lenyewe linapotosha. Unasikia lukemia unafikiria saratani ya damu moja kwa moja, kumbe wengi wao huteswa kwanza na upungufu wa damu na kinga kuanguka, kwa sababu virusi hivi huingia kwenye uboho, ndani ya mifupa, ambako damu hutengenezwa. Saratani huwapata baadhi. Vilitambuliwa mwaka 1964 na William Jarrett na wenzake kule Glasgow, Scotland. Vinahama kwa mate: kulambana, kula bakuli moja, kung'atana. Mama naye huwapa watoto wake. Haviambukizi watu wala mbwa, nje ya mwili havidumu, na sabuni ya kawaida inavimaliza. Mama mwenye nyumba nilimrudia maneno haya mara tatu kabla hajakubali mjukuu wake amshike tena paka.

Na jicho? Ugonjwa unalifikia jicho kwa milango zaidi ya mmoja. Kinga ikishuka, mafua ya paka yaliyokuwa yamelala huamka na kuleta tongotongo na vidonda. Ndiyo iliyotupata sisi. Virusi vyenyewe, au uvimbe wa saratani unaotokana navyo, vinaweza pia kuwasha jicho kwa ndani, au kugusa mishipa inayoendesha mboni hata moja ikawa kubwa na nyingine ndogo. Damu ikipungua sana, hata nyuma ya jicho kunaweza kuvuja.

Daktari alisisitiza kwamba kipimo kimoja si hukumu. Wapo paka ambao mwili huvishinda virusi au kuvifungia, ndiyo maana hurudiwa baada ya wiki kadhaa. Tukarudia baada ya wiki nane: mistari miwili tena. Tangawizi, ndugu yake wa tumbo moja, alitoka salama mara zote mbili. Nyumba yangu ni chumba na sebule, sina pa kuwatenga. Tangawizi akapelekwa Morogoro kwa dada yangu, kwenye boksi la maji ya chupa lililotobolewa matundu. Siku tatu Chausiku alilala mlangoni.

Sasa dawa. Kidonda kilitibiwa kwa mafuta ya macho ya tetrasaiklini ya asilimia 1, yale yale wanayopakwa watoto wachanga. Tyubu ni shilingi 1,500. Katika vyote nilivyonunua kwa miezi kumi na minne, hakuna kilichonirudishia thamani kama hicho. Tone la maji humwagika likaishia shavuni, mafuta hukaa. Lakini lazima ujue kuyapaka. Ukimjia paka kwa mbele anaona kidole kinakuja machoni, umeshampoteza. Mimi humviringisha kwenye kanga kuukuu, kichwa kikabaki nje kama muhogo kwenye gunia, nakaa sakafuni naye katikati ya magoti, mgongo wake tumboni kwangu. Mkono unatokea nyuma ya kichwa. Unavuta kope ya chini kidogo, unaweka uzi wa mafuta mfupi kama punje ya mchele, unaacha apepese mwenyewe. Usisugue. Tyubu ikigusa jicho lenye maambukizi, hiyo tyubu usipeleke jicho la pili. Mara nne kwa siku, na mara ya mwisho saa tano usiku, mimi nikiwa nasinzia kuliko paka. Wiki mbili na siku kadhaa, kijikaratasi cha chungwa kikarudi, taa ikazimwa, pasing'ae kitu.

Koni ya shingoni ya kununua, elfu ishirini na tano, siipendekezi kwa paka mdogo. Ilikuwa nzito, inagonga kila mguu wa meza, na bakuli haliingii. Nilikata nyingine kutoka kwenye picha ya eksirei ya mguu wa kaka yangu, kingo nikazizungushia plasta ya kitambaa. Nyepesi, anaona pembeni, na wageni walipata cha kuzungumza, maana ukimtazama kwa mwanga unaona kisigino.

Unga wa laisini, kirutubisho cha kuchanganya na chakula, niliagizia kwa mtu aliyetoka nje, baada ya kusoma watu wakiusifu. Daktari akaniambia tafiti hazikuonyesha kwamba unamsaidia paka mwenye mafua ya macho. Chausiku mwenyewe alikuwa ameshauamua, akila dagaa akiuacha unga. Nusu ya kopo ipo mpaka leo.

Chakula kilibadilika. Zamani nilikuwa nikitoka soko la samaki la Feri namtupia matumbo ya samaki mabichi. Sasa kila kitu kinachemshwa, kwa sababu kidudu ambacho paka mzima angekimudu kinaweza kumlaza yeye. Hatoki nje, madirisha yana nyavu, naye anakaa kwenye kizingiti kutazama kunguru.

Mwezi wa saba jicho lile lile likarudi, lakini kwa sura nyingine. Hakukuwa na tongotongo. Mboni ilikuwa imebana kama uzi hata kwenye giza, na rangi ya jicho, ambayo ni ya njano, ikawa ya kutu. Nikachukua tyubu yangu, nikasita, nikapiga simu. Nashukuru nilisita. Safari hii moto ulikuwa ndani ya jicho, mahali ambapo tetrasaiklini yangu isingefanya kitu. Daktari akapima kwa karatasi ya chungwa, kioo cha jicho kilikuwa kizima, ndipo akaandika matone ya prednisoloni. Ndiyo, steroidi, ndugu wa ile iliyomuumiza mwanzo. Nilimkazia macho. Akasema, "Mama Chausiku, ile ulimpa kabla ya kujua kama kuna kidonda."

Pamoja nayo alitoa atropini ya kutanua mboni na kupunguza maumivu. Hapa niwatahadharishe, maana mimi nusura nizimie: nilipodondosha tone la kwanza, sekunde chache baadaye Chausiku akatoka povu mdomoni, jingi, mate yananing'inia hadi sakafuni, anatikisa kichwa. Nikapiga simu nikilia. Kumbe dawa ni chungu ajabu, na jicho lina mfereji unaoshuka puani mpaka kooni. Paka anaionja. Povu lilikwisha ndani ya dakika tano. Tulipobadilisha tukatumia ya mafuta, povu likapungua sana.

Uvimbe ulitulia, lakini mboni iligandia kwa ndani upande mmoja na haikurudi duara. Jicho la kushoto sasa lina umbo la punje ya korosho, na nikipitisha kidole upande huo hashtuki. La kulia ni zima.

Kuhusu huduma ya kuja nyumbani: nyota nne kati ya tano. Nyota iliyopungua ni ya muda. Katika safari sita, mara moja tu alifika saa aliyoahidi, na Jumapili simu haipokelewi kabisa. Jicho halijui Jumapili. Pia sikupewa karatasi yoyote ya majibu mpaka nilipoidai, ikaja ikiwa picha kwenye simu, imekunjamana. Waliobaki na mashaka kuhusu bei, hesabu yangu ni hii: kichupa cha dukani kilinigharimu elfu saba, na kuponya kilichosababishwa nacho kukanigharimu zaidi ya laki mbili. Paka akitulizwa chumbani kwake mwenyewe, mapigo yake hayapandi, hakai kwenye benchi pamoja na mbwa, na wala hawaambukizi paka wa wenzake kwenye foleni. Kwa mgonjwa wa lukemia hilo la mwisho ni kubwa.

Kitu kimoja alichonifundisha bure: kila Ijumaa namfunua mdomo natazama ufizi, nampapasa shingoni na kwapani kutafuta uvimbe, nampima uzito. Kumpima ni kupanda mizani pamoja naye, kisha peke yangu, kutoa. Juzi alikuwa kilo tatu na gramu mia mbili. Niliuliza atabaki muda gani. Hakunificha: wengi ambao virusi vimewashinda hawavuki miaka mitatu hivi tangu wagundulike, ingawa wapo wanaovuka. Akaongeza kwamba nisimpe panado hata akichemka homa namna gani, inaua paka. Sikuwa nimeuliza hilo, lakini alishanijua.

Usiku wa leo umeme umekatika na Chausiku yuko juu ya friji iliyozimika, jicho moja linawaka kwenye mwanga wa simu, jingine kidogo tu. Tyubu imebaki ya siku mbili. Jumamosi nikipita Kariakoo nitachukua mbili, moja ya kwake, moja ya mjukuu wa mama mwenye nyumba, ambaye kaamka leo na tongotongo. Huyo nimemwambia bibi yake ampeleke kwanza zahanati.