arXiv: huduma ya bure kwa anayetaka kupima madai ya graviti ya kwantamu

Anayefuatilia habari za fizikia hukutana mara kwa mara na dai kwamba fulani amepata nadharia inayounganisha nguvu ya mvutano na fizikia ya kwantamu, yaani fizikia ya vitu vidogo mno kama chembe za atomu; nadharia ya namna hiyo huitwa graviti ya kwantamu. Baadhi ya madai hayo hutoka kwa watafiti waliobobea, mengine kwa watu wanaouza semina na vifaa vya kuponya, na msamiati wa pande zote mbili unafanana kiasi kwamba msikilizaji wa kawaida hawezi kuyatofautisha kwa kusikiliza tu. Huduma ninayoihakiki hapa, hifadhi ya makala za kisayansi iitwayo arXiv, haikuundwa kwa kazi ya kuchuja madai ya namna hiyo, lakini katika kufundisha fizikia sijapata chombo cha bure kinachoisaidia vizuri zaidi.

Hifadhi hii ilianzishwa na mwanafizikia Paul Ginsparg mwezi Agosti 1991 katika maabara ya Los Alamos, Marekani, na ilihamia Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 2001. Ina makala zaidi ya milioni mbili, na kuzisoma hakuhitaji malipo wala kujisajili. Makala za graviti ya kwantamu huwekwa hasa katika sehemu mbili, zinazotambulika kwa alama gr-qc (mvutano na kosmolojia ya kwantamu) na hep-th (nadharia ya fizikia ya nishati kubwa).

Ni lazima ieleweke mapema kwamba arXiv si jarida. Wasimamizi wake hukagua kama makala ni ya kisayansi na kama imewekwa mahali pake, na tangu 2004 mwandishi mgeni huweza kutakiwa kudhaminiwa na mtafiti ambaye tayari ana makala humo, lakini hakuna anayethibitisha hesabu za ndani. Anayekuambia kwamba nadharia yake ni sahihi kwa sababu imo arXiv hajakupa ushahidi wowote. Muhuri wa jarida nao hautoshi peke yake: mwanzoni mwa miaka ya 2000, ndugu pacha wa Ufaransa, Igor na Grichka Bogdanov, walichapisha makala kuhusu mwanzo wa ulimwengu katika majarida yenye wahakiki, likiwemo jarida mashuhuri la fani hii, na baadaye bodi ya jarida hilo ikakiri kwamba makala yao haikufikia kiwango kinachotakiwa.

Thamani ya arXiv iko kwingine, nayo ni kumwezesha msomaji kufuata nyayo za dai. Kila makala huonyesha tarehe iliyowekwa, matoleo yote yaliyofuata baada ya marekebisho, jarida lililoichapisha iwapo mwandishi amelitaja, na viungo vya kuwafikia walioitaja baadaye, ama kwa kuijenga ama kwa kuibomoa. Mfano bora ninaoujua ni wa Novemba 2007, pale Garrett Lisi, mwanafizikia wa Marekani asiyekuwa na ajira ya chuo, alipoweka humo makala iliyopendekeza kwamba chembe zote na nguvu zote, mvutano ukiwemo, zinatoshea ndani ya muundo mmoja wa kihisabati uitwao E8, wenye vipimo 248. Vyombo vya habari duniani vilimpamba sana. Mwaka 2009 Jacques Distler na Skip Garibaldi waliweka katika hifadhi hiyohiyo uthibitisho wa kihisabati kwamba chembe za maada, kwa jinsi zinavyotofautisha kushoto na kulia, haziwezi kupachikwa katika E8 kwa njia hiyo, na kazi yao ikachapishwa jaridani mwaka uliofuata. Nasisitiza kwamba Lisi hakufanya sayansi bandia: alisema jambo kwa usahihi uliowawezesha wengine kuonyesha kasoro yake, na huo ndio mwenendo wa fizikia halisi, hata pale inapokosea.

Vilevile unaweza kuona nadharia ikikutana na kipimo. Baadhi ya mawazo ya graviti ya kwantamu yalikisia kwamba fotoni, yaani chembe za mwanga, zenye nishati kubwa husafiri kwa kasi iliyotofautiana kidogo mno na ile ya fotoni zenye nishati ndogo. Tarehe 10 Mei 2009 darubini ya angani Fermi ilinasa mlipuko wa miale ya gama, yaani mwanga wenye nishati kubwa mno, ambao mwanga wake ulikuwa umesafiri zaidi ya miaka bilioni saba, na fotoni yenye nishati ya GeV 31 (GeV ni kizio cha nishati ya chembe) ikafika ndani ya sekunde moja tangu mlipuko uanze kuonekana. Makala ya matokeo hayo imo humo, na baada yake aina rahisi kabisa ya makisio hayo ilibanwa vikali, kwa kuwa katika safari ndefu hivyo hata tofauti ndogo ya kasi ingeonekana kama uchelewaji.

Sasa linganisha na dai linalosambazwa sana, kwamba protoni ni shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkubwa kiasi kwamba hata mwanga hauwezi kutoka. Hapa hata mwanafunzi wa kidato cha sita mwenye kikokotoo anaweza kuhukumu. Tungamo ya shimo jeusi hupatikana kwa kuzidisha nusukipenyo chake kwa mraba wa kasi ya mwanga, kisha kugawanya kwa mara mbili ya namba thabiti ya mvutano ya Newton (G). Ukiweka nusukipenyo cha protoni, takriban mita 0.84 × 10⁻¹⁵, unapata zaidi ya tani milioni mia tano kwa protoni moja, ilhali tungamo iliyopimwa maabara ni kilogramu 1.67 × 10⁻²⁷. Vipimo vya nusukipenyo hicho vimejaa katika arXiv, kwa hiyo hakuna haja ya kumwamini mtu kwa cheo chake.

Kasoro za huduma hii si ndogo. Ukurasa wa makala iliyokwisha kukanushwa haubebi onyo lolote. Lazima uende mwenyewe kwa walioitaja na kusoma ikisiri moja baada ya nyingine. Utafutaji wake ni butu, na anayeandika jina la fani nzima hupata maelfu ya makala bila mwongozo wa ipi ianze. Kanuni ya udhamini inaeleweka, lakini humwelemea mtafiti aliye katika chuo kisicho na mtu wa fani yake, hali ambayo wengi Afrika Mashariki wanaijua. Lugha ni Kiingereza kizito. Angalau, tangu mwishoni mwa 2023, makala nyingi mpya hupatikana pia katika muundo wa ukurasa wa kawaida wa intaneti, unaosomeka kwenye simu vizuri kuliko PDF.

Naipa nyota nne kati ya tano. Anayeanza asiingie moja kwa moja kwenye makala mpya za siku. Atafute kwanza makala za mapitio, ambazo mara nyingi waandishi huzitambulisha hivyo katika kichwa au katika mstari wa maoni, kwa kuwa humo wataalamu hutaja nadharia zinazoshindana pamoja na kile ambacho kila moja bado haijaweza kukieleza.