Probox ya gia za mkono: gari la kujifunzia tunalolipendekeza, na ya kukagua kabla ya kulikalia

Anayetafuta gari la kujifunzia gia za mkono Dar, Arusha au Mombasa ataonyeshwa mengi: Corolla 110 iliyochoka, Starlet, Hilux ya zamani yenye klachi nzito, pengine Suzuki Carry. Pendekezo letu ni Toyota Probox ya toleo la kwanza, ile iliyoanza kuuzwa 2002, yenye gia 5 na rivasi. Ni gari la kazi na wengi wanalijua kwa kubeba abiria wa mchomoko (teksi za kuchangia nauli) au mizigo ya miraa, lakini kwa mwanafunzi wa udereva lina sifa ambazo magari mengi ya bei yake hayana.

Kwanza uhakikishe unanunua lenyewe. Probox ziliboreshwa 2014 na gia za mkono zikaondolewa, nafasi yake ikachukuliwa na otomatiki ya CVT, isiyo na hatua za gia. Kwa hiyo tangazo la Probox ya 2016 yenye gia za mkono litazame mara mbili. Anayeagiza Japani asome karatasi ya mnada: F5 maana yake gia za sakafuni, hatua 5, ikiandikwa AT ni otomatiki. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, hivyo huko zimebaki zilizokwisha kutumika nchini. Tanzania linaingia, ila ushuru wa uchakavu unaongezeka, na mara nyingi ni nafuu kutafuta lililopo mtaani.

Injini za petroli ni mbili. Probox yenye namba ya modeli NCP50 ina injini ya lita 1.3 (2NZ-FE) na NCP51 ina ya lita 1.5 (1NZ-FE). Chukua ya 1.5. Nguvu yake ya kuvuta ni Nm 141 dhidi ya Nm 121 za mwenzake, na tofauti hiyo mwanafunzi anaihisi pale anapoondoka: ya 1.3 inazimika upesi mguu ukiachia klachi haraka, hasa gari likiwa na watu wanne. Zote mbili zinatumia cheni badala ya mkanda wa taiming.

Umbo nalo linasaidia. Urefu ni kama mita 4.2, upana haufiki mita 1.7, na ubavu umenyooka hadi nyuma, kwa hiyo kioo cha pembeni kinaonyesha kona ya gari ilipo kweli. Kioo cha nyuma kimesimama wima. Mtu anajifunza kurudi nyuma kwa kuona, bila kubahatisha. Hendibreki iko katikati ya viti viwili, na hilo ni jambo kubwa kwa gari lisilo na pedali za mwalimu: anayefundisha anaweza kuivuta mwenyewe.

Sasa klachi. Hapa ndipo Probox nzuri na mbovu zinapoachana, na ndipo tunapomsihi mnunuzi asiwe na haraka. Magari haya yamebebeshwa sana. Klachi iliyokwisha inamfundisha mwanafunzi tabia mbaya, kwa sababu anazoea kukanyaga mafuta mengi ili gari lisogee, kisha akikalia gari zima anashindwa.

Jaribu hivi. Gari likiwa tambarare, mbele pakiwa wazi, vuta hendibreki, washa injini, ingiza gia ya 3, kisha achia klachi taratibu bila kukanyaga mafuta. Klachi nzima itaizima injini papo hapo. Injini ikiendelea kunguruma, sahani ya klachi imekwisha au ina oili. Halafu barabarani, ukiwa kwenye gia ya 4 na mwendo wa kilomita 40 hivi kwa saa mlimani, kanyaga mafuta: sauti ikipanda na mwendo usipande, klachi inateleza. Sikiliza pia ukiwa nyutro. Mlio unaokuja ukikanyaga pedali ni beringi ya klachi. Mlio unaopotea ukikanyaga na kurudi ukiachia uko ndani ya giaboksi, na huo ni mzigo mwingine wa gharama. Ukiambiwa sahani imekwisha, badilisha sahani, presha pleti (inayoibana sahani) na beringi kwa pamoja. Kazi kubwa ni kushusha giaboksi, na hakuna sababu ya kuishusha mara mbili.

Kitu kingine ambacho wengi hawakikagui ni maundingi za injini, zile raba zinazoishikilia. Zikikatika, gari linaruka kichura kila mguu unapoachia klachi, na mwanafunzi anadhani kosa ni lake. Fungua boneti, mtu akanyage breki kwa nguvu, aingize gia ya 1 na kuachia klachi mpaka ianze kushika. Simama ubavuni, kamwe usisimame mbele ya gari, utazame: injini ikiinuka waziwazi na kurudi kwa kishindo, maundingi zimekwisha. Kwenye gia yenyewe, fimbo ikicheza sana huku na huku ilhali imeingia, bushi za gia zimelegea, na kutofautisha ya 1 na ya 3 kutakuwa shida.

Tukiwa na gari zima, mafunzo yanaanza kwenye kiti. Kisogeze mpaka klachi ikikanyagwa hadi mwisho goti libaki limekunjika kidogo. Kisigino cha mguu wa kushoto kikae sakafuni wakati wa kuachia, maana mguu unaoning'inia hewani hauwezi kuachia kwa milimita.

Masomo ya mwanzo yasiguse mafuta kabisa. Kwenye uwanja tambarare, klachi chini, gia ya 1, hendibreki chini, kisha achia klachi polepole mpaka sauti ya injini ishuke na gari lianze kujivuta. Hapo ndipo inaposhika. Mguu usimame hapo hapo kwa sekunde mbili, kisha umalizie kuachia. Probox ya 1.5 inaweza kuondoka hivyo bila mafuta, kwa sababu kompyuta ya injini ikihisi mzigo inaongeza hewa na petroli yenyewe. Gari likizimika, mguu umepita pale bila kusimama. Rudia mpaka mguu upajue bila kufikiri, ndipo uongeze mafuta kidogo.

Gia za Probox zimepangwa kwa kawaida ya Toyota: 1 juu kushoto, 2 chini yake, 3 na 4 katikati, 5 juu kulia na rivasi chini yake. Ndani kuna springi inayorudisha fimbo katikati, kwenye mstari wa 3 na 4. Ukijua hilo, kazi inapungua. Kutoka 2 kwenda 3, sukuma mbele kwa kiganja kilicho wazi na springi itatafuta njia. Anayeikaba fimbo kwa ngumi anaishia kuilazimisha kwenye 1. Hatari zaidi ni kutoka 5 kwenda 4: ukivuta kwa kukaza kuelekea kushoto unaangukia 2, injini inalia kupita kiasi na magurudumu ya mbele yanaweza kupoteza mshiko.

Gia ya 1 ni ya kuondokea tu. Ingiza 2 kwenye kilomita 15 kwa saa, 3 kwenye 30, 4 kwenye 45, 5 kuanzia 60. Mlimani au ukiwa na mzigo, chelewesha kidogo. Kama dashibodi haina mshale wa mizunguko ya injini (RPM), sikio linatosha: injini ikigongagonga na kutetemeka, umepandisha gia mapema.

Rivasi ikikwaruza, gari lilikuwa bado linatembea au klachi haikufika chini. Simama kabisa, kanyaga hadi mwisho, hesabu tatu, ingiza. Ikiendelea, ingiza 1 kwanza halafu rivasi. Ikikwaruza hata hivyo, klachi haiachii vizuri na fundi aitazame.

Mlima ndio mtihani, na anayevuka kwa feri ya Likoni au Kigamboni anaujua mpando wa kutokea pale, watu mbele na gari nyuma. Vuta hendibreki. Klachi chini, gia ya 1. Kanyaga mafuta mpaka sauti ipande kidogo, uishike hapo. Achia klachi mpaka sauti ishuke na pua ya gari iinuke. Usisogeze miguu, shusha hendibreki. Gari likitulia, limebalansi: ongeza mafuta, malizia klachi. Likirudi nyuma, kanyaga breki na klachi uanze upya. Kuachia klachi ghafla kwa hofu ndiko kunakosababisha gari kuzimika au kurukia la mbele.

Madereva wengi hubalansi kwa klachi dakika nzima foleni ikisimama, na wanaona ni ufundi. Sahani inasuguka muda wote huo na kupata moto. Hendibreki ipo kwa kazi hiyo. Ukisikia harufu kali ya kuungua, egesha, liache lipoe robo saa, kisha endelea kwa utulivu zaidi. Vilevile mguu usipumzike juu ya klachi ukiwa safarini; uzito mdogo tu unaichosha beringi. Na wakati wa kusimama, breki inatangulia. Klachi inafuata mwendo ukishuka na injini ikikaribia kutetemeka. Anayekanyaga klachi kwanza anaiachia gari iteremke bila kusaidiwa na injini.

Kasoro za Probox zipo. Nyuma imetengenezwa kubeba mzigo, kwa hiyo gari likiwa tupu linadundadunda kwenye barabara ya makorongo, na kwenye lami yenye maji nyuma ni nyepesi. Mwanafunzi asipelekwe mvuani akiwa hajazoea breki. Viti vya nyuma ni vyembamba, na kelele za ndani ni nyingi, ingawa kelele hizo zinamsaidia kusikia injini. Matairi mengi utakayoyakuta si ya kipimo cha kiwandani, hivyo soma upepo kwenye kibandiko cha mlango ikiwa tu tairi ni la kipimo hicho.

Kwa anayelenga kuendesha Hiace au Canter, Probox ni mahali pa kuanzia tu: klachi za magari hayo ni nzito zaidi, na atahitaji muda wa ziada juu yake. Kwa anayetaka gari la nyumbani au la biashara ndogo, itafute NCP51 ambayo haijafanya kazi ya abiria, uende na fundi wako, na bei uijadili baada ya jaribio la gia ya 3.