Alteneta ya waya mmoja au ya nyaya tatu kwenye gari la mbio lililobadilishwa injini

Ukishabadilisha injini ya gari la mbio, swali linalofuata kwenye gereji za eneo la Unga Limited hapa Arusha ni la chaji: alteneta, yaani jenereta inayozungushwa na injini ili kuchaji betri, iwe ya waya mmoja au ya nyaya tatu?

Alteneta ya waya mmoja inavutia: unavuta kebo nene hadi betri, kazi imeisha. Lakini nyingi hazianzi kuchaji mpaka ukanyage mafuta, na zinapima volti palepale zilipo. Betri ikihamia kwenye buti, kebo ndefu inapunguza umeme. Alteneta inaona, tuseme, volti 14.2, betri inapata 13.6, huku pampu ya mafuta na feni zinadai chao.

Ya nyaya tatu ina kebo hiyohiyo, waya wa kuiamsha unaopitia taa ya chaji, na waya wa kupimia unaofika kwenye betri. Inachaji mapema, na taa inakuonya mkanda unaozungusha alteneta ukikatika katikati ya vumbi la Monduli. Mimi nachagua hii bila kusita.

Kwa zote mbili, swichi kuu, ile ya kuzima umeme wote wa gari kwa dharura, ikate alteneta pia. Ikikata betri peke yake, injini inaweza kuendelea kunguruma hata gari limepinduka na dereva yumo ndani.